Simba Amekata Kamba

Tangazo langu la kwanza la kazi lilikuwa na maneno kumi na mawili na nilijivunia kila moja: "Natembeza mbwa Lavington, Kilimani na Kileleshwa. Bei ni mia nne kwa saa." Nililichapisha kwa saiba ya Kawangware, nakala ishirini, nikazibandika kwa nguzo za stima kuanzia Valley Arcade kwenda mbele. Siku mbili hakuna aliyepiga. Siku ya tatu akapiga mama mmoja mwenye sauti ya polepole, ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa akiongea.

"Habari za saa hizi, kijana. Nimeona tangazo lako. Hao mbwa unaowatembeza umewatoa wapi?"

"Si wangu. Ni wa watu."

Kimya kidogo. "Ni wa watu, na wewe unawatembeza?"

"Ndio. Nawachukua asubuhi ama jioni, halafu nawarudisha."

"Unawarudisha wasiponunuliwa?"

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sisi wawili hatuongei kuhusu kitu kimoja. Kwao mtu hutembeza karanga, hutembeza mitumba, hutembeza mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye ndoo. Yaani anauza akizunguka. Mama huyu alikuwa amesoma tangazo langu na kuona kijana wa Nairobi anayeuza mbwa wa wizi barabarani, tena kwa saa. "Hiyo bei ndiyo iliyonishangaza," aliniambia baadaye. "Nikasema, mbwa gani huyo anauzwa kwa saa?" Hakuwa amenipigia anipe kazi. Alitaka kujua kama nina haya, na kama hao mbwa wamechanjwa.

Nikamweleza. Akacheka kicheko kirefu, akaomba radhi, akasema basi njoo umuone wangu.

Wakati huo nilikuwa na miezi saba tangu niondoke chuo. Sitaandika mengi kuhusu hilo kwa sababu wengi wenu mnaijua hiyo stori: mwaka wa tatu, karo imebaki, jina halimo kwenye orodha ya mtihani, unajiambia utarudi muhula ujao. Nilikuwa nasomea Kiswahili na mawasiliano. Baada ya hapo nikawa naandika chochote kinacholipwa. Hotuba za harusi, wasifu wa watu wanaotafuta kazi ambazo hata mimi nilizitaka, maelezo ya sufuria na mapazia kwa maduka ya mtandaoni, na kazi za shule za watu wengine, ambazo sijivunii. Mamangu, kule Kakamega, alikuwa anajua niko mwaka wa nne. Alipouliza mbona siji likizo nilimwandikia ujumbe kwamba niko atachimenti. Hakuuliza atachimenti ya wapi. Nikajituliza kwamba si uongo mtupu, kwa maana kila jioni nilikuwa nimefungwa kamba moja na mbwa wa mtu.

Na si eti nilipenda mbwa. Nyumbani tulikuwa naye mmoja, naye aliitwa Simba kama mbwa nusu ya Kenya. Mchana alikuwa ndani ya kibanda cha mbao, usiku anafunguliwa alinde kuku, chakula chake ukoko wa ugali. Hakuna aliyemtembeza kwa maana yoyote ile. Mamangu alimwita imbwa, bila jina, na yeye alijua ndiye. Kwa hivyo nilipoanza kuingia kwenye mageti ya Lavington na Kileleshwa kilichonishangaza kwanza ni lugha. Mbwa wa huko wanajua Kizungu. Nilikuwa na mteja ambaye kwake baba na mama waligombana kwa Kikuyu, wakaagiza chai kwa Kiswahili, halafu wakageukia mbwa kwa Kizungu laini cha televisheni. Neno ngui likitajwa mezani mbwa mwenyewe hakuinua hata sikio. Alijua yeye ni kitu kingine.

Simba wa huyu mama hakujua Kizungu hata neno moja. Alikuwa mbwa wa kienyeji, wa kahawia, sikio la kushoto limekatika ncha, mkia kama alama ya kuuliza. Watu wakiwa na mbwa wao wenye nywele za saluni walimsimamisha mama barabarani wakamuuliza huyu ni aina gani. "Aina ya Tanga," alijibu, na wengine walitikisa kichwa kana kwamba wameisoma mahali.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Tanga kwa miaka thelathini na moja. Mumewe alifanya kazi bandarini. Alipofariki, binti yao anayefanya kazi Nairobi alimwambia mama ahame, na mama akakubali kwa sharti kwamba Simba anakuja. Wakavuka Namanga na pikapu, magodoro mbele, mbwa nyuma, cheti cha chanjo ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na pasipoti. Mbwa alikuwa wa marehemu. Jina pia alimpa yeye, na si kwa mapenzi. Mzee alikuwa Yanga damu, wa zile familia zinazokukumbusha kwamba Yanga ni ya 1935 na Simba ikaja 1936, na alitaka kila jioni asimame uani mbele ya majirani aseme kwa sauti, "Simba, kaa chini!" Na Simba akae chini.

Siku ya kwanza nilifika nikamsalimia vile tunasalimiana, "Habari yako mathe," nikanyoosha mkono. Akautazama mkono.

"Hujaniamkia."

"Si nimesalimia?"

"Umeniuliza habari. Nikikupa habari mbaya utafanya nini? Niamkie kwanza."

Neno shikamoo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelijibia maswali kwenye mtihani. Sikumbuki kama niliwahi kulitoa kinywani kwa mtu aliye hai. Lilitoka kama neno la mchezo wa kuigiza, na yeye akaitikia "Marahaba, mwanangu" bila kucheka, na tangu siku hiyo hakuna jioni nilichukua kamba ile kabla ya kuamkia.

Yaliyofuata yalikuwa masomo ambayo sikulipia karo. Nikimwambia "mbwa yako amekula?" alisema, "Mbwa wangu. Yangu ni meza." Nikimuuliza Simba ako wapi alijibu kwamba hajui ako ni nani, labda nilitaka kuuliza yuko wapi. Mimi nilipata A ya kutoa kwenye Kiswahili cha KCSE, bana. Nilikuwa najua mbwa ni kiumbe, ana ngeli yake. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mdomo wa mtu aliyelelewa kwa matatu na vibanda ni kitu kingine. Siku moja nikamjibu: mbona basi tunasema mama yangu, rafiki yangu, ndugu yangu? Hao si viumbe? Akafikiria kidogo. "Hao ni wa nyumbani. Wa nyumbani wana ruhusa." Halafu akaniangalia kama mwanafunzi aliyeuliza swali zuri bila kukusudia.

Nilijaribu pia kumtisha na historia. Nilimwambia kwamba hicho Kiswahili anachonichapia nacho kilichaguliwa mkutanoni Mombasa mwaka wa 1928, wakoloni wakaamua msingi uwe Kiunguja na si Kimvita, kwa hivyo usanifu ni uamuzi wa kikao tu, hauna utakatifu. Ni mojawapo ya vitu vichache nilivyobaki navyo kutoka mwaka wa pili. Akaniuliza huo mkutano ulifanyiwa wapi. Nikarudia, Mombasa. "Yaani ukafanyiwa kwenu, halafu nyinyi ndio mkakataa kuufuata."

Lakini mtaa nao ulikuwa unamchanganya, na hapo mimi ndiye nilikuwa mwalimu. Kulikuwa na vijana wa boda pale kwenye kona, na walimpenda Simba kwa sababu hakuwa na maringo. Jioni moja mama alitoka nasi mpaka getini, mmoja wao akapaza sauti: "Mathe, dogi yako ni kali!"

"Si mkali hata kidogo," akasema mama. "Hajawahi kumng'ata mtu."

"Zi, mathe, ni kali noma!"

Akageuka kwangu, uso umebadilika. Alidhani anashtakiwa. Kwamba mbwa amemuuma mtoto wa mtu na hawa vijana wamekuja kudai hela ya sindano. Nikamweleza kali ni sifa, kama vile kwao wanavyomwita msanii hodari mkali. Akasema hilo la msanii analijua, wanafunzi wake walilisema, lakini mtu ni mtu. Ukimsifia mtu mbwa wake kwa neno hilo unamtia hofu bure. Kisha macho yake yakaenda kwenye lile bati la getini, ambalo liko kwenye kila geti la Nairobi lililo na kitu cha kuibiwa, MBWA KALI, na chini yake kichwa cha mbwa kilichochorwa na mtu aliyekuwa anachora simba. Mama alikuwa amelipata bati hilo hapo alipohamia na wiki ya kwanza akatafuta kalamu ya wino mzito, akachomeka M yake. Ikawa MBWA MKALI.

"Kwa hiyo kwa vijana wenu," akaniuliza, "hili bati linasema hapa kuna mbwa mzuri?"

Nilisema kwa kifupi, ndio.

"Basi nilifanya vibaya kulisahihisha."

Siku ambayo nataka kuisimulia ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, na Nairobi ilikuwa na ile baridi ya kijivu inayokaa kwa mifupa. Tulikuwa karibu na Valley Arcade, saa kumi na moja na nusu jioni. Simba alivaa ukanda wake wa ngozi ambao fundi viatu wa Tanga alimshonea mzee miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nimeuona umeanza kuchanika pale kwenye pete. Nilikuwa nimesema nitamwambia mama. Nilikuwa nimesema hivyo wiki nzima.

Boda ikapita, ekzosi ikalipuka kama bunduki. Simba akaruka, mimi nikavuta, na kitu kikaachia. Nilibaki na kipande cha ngozi mkononi nikiangalia mkia ukiyeyuka kati ya matatu mbili za 46.

Nikakimbia. Nilipofika mahali pa kuvuta pumzi nikatoa simu. Chaji ilikuwa imebaki asilimia tatu. Nikaandika haraka, kwa Kiswahili kizuri kabisa kwa sababu ndiye niliyekuwa namwandikia: "Mama pole sana. Simba amekata kamba hapa Valley Arcade. Nitakueleza." Ukaenda. Simu ikazima.

Gitanga Road kutoka pale hadi Kawangware si mbali ukiwa kwa gari. Kwa miguu, ukiita jina kwa kila geti, ni safari. Na jina lenyewe ndilo lilikuwa shida. "Simba!" nikaita, na nyuma ya ukuta wa kwanza mbwa akabweka. "Simba!" na wa pili akajibu, mkubwa, sauti ya pipa. Soja mmoja akachungulia kwenye kidirisha akaniuliza naitia nini mbwa wake. Nikamwambia natafuta Simba. "Simba si huyu ako hapa?" Nilihesabu Simba watatu kabla sijafika mwisho wa Lavington, wote wako kwao, wote wako sawa.

Kwenye mpaka, pale mageti yanapoisha na vibanda vinaanza, nikauliza watoto waliokuwa wanacheza bano. "Mmeona dogi imepita hapa na kamba shingoni?"

"Ile ya mababi?" akasema mmoja. Sijui alijuaje. Kwa sura Simba alikuwa wa hapo hapo. "Imeishia na upande wa bucha, huko Congo."

Nilipofika Congo giza lilikuwa limeingia na niliona umati kabla ya kuona mbwa. Watu kama ishirini, nusu duara. Simba alikuwa ameingia chini ya meza ya mama mboga, amejikunja nyuma ya ndoo ya sukuma, meno nje, mate yanamtoka kwa sababu ya mbio. Jamaa mmoja alikuwa na jiwe mkononi, jiwe la kujengea, si la kutishia.

"Hiyo umbwa iko na wazimu. Angalieni mate."

Nisiwalaumu. Kichaa cha mbwa kinaua, dalili zikishaanza hakuna dawa, na mtaani hakuna anayengoja daktari wa mifugo. Nikapiga kelele kwamba imechanjwa, ni ya mtu, mimi ndiye naitembeza.

"Kadi iko wapi?"

Kadi ilikuwa Lavington, ndani ya bahasha ya plastiki. Mimi nilikuwa na jasho, simu iliyokufa na kipande cha ngozi. Nikachuchumaa nikaanza kumwita. "Simba kuja! Kuja hapa! Kuja!" Watoto nao wakashika wimbo huo, kuja, kuja, kuja, na kila tulivyoita ndivyo alivyozidi kurudi nyuma mpaka ndoo ikaanguka. Jamaa akapima jiwe lake mkononi.

Mimi nilikuwa nimemsikia mama akimwita huyu mbwa kila jioni kwa miezi minne. Nilikuwa nimesimama getini nikisikia, na kichwani ilikuwa kama redio ya jirani. Sijui ni nini kiliifungua. Nilishusha sauti, nikaivuta polepole kama yake.

"Simba. Njoo, baba. Njoo."

Sikio moja likainuka, lile zima.

"Njoo, baba. Njoo twende."

Akatambaa kwa tumbo kutoka chini ya meza, mkia ukigonga ardhi, akaja akaingiza kichwa chake kwapani mwangu. Umati ukatulia, kisha ukaanza kucheka, na jamaa akaweka jiwe chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Mama mboga alisema ni njaa tu, ingekuja hata ningeiita kwa Kichina, na kwamba nilipe sukuma iliyomwagika. Nililipa hamsini. Akanipa kamba ya katani ya kufungia gunia.

Tulirudi polepole. Nilikuwa najisikia shujaa, sitaficha. Nilikuwa nishaipanga stori vile nitamsimulia mama, hasa hapo kwenye njoo, vile atafurahi. Ilikuwa inakaribia saa tatu usiku.

Alikuwa amekaa nje ya geti kwenye kiti cha plastiki, baridi ile yote. Soja alikuwa amesimama kando yake ameshika kofia. Mapajani alikuwa na kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Binti yake alikuwa kwenye gari, mlango wazi, anaongea na mtu kwa simu akisema hapana, tumeuliza mpaka kituo cha petroli, hakuna aliyeona gari likigonga mbwa, labda wameshautoa mwili barabarani.

Simba akamwona mama akavuta, gunia na yote. Yeye hakusimama. Alimshika kichwa kwa mikono miwili akamgeuza huku na huku, akimkagua kama mtoto aliyeanguka.

"Uliniandikia amekata kamba," alisema bila kuniangalia.

Mimi, kwa ujinga wote wa dunia, nikainua kile kipande cha ngozi. "Si hii hapa?"

Hapo ndipo nikasikia nilichokuwa nimeandika. Kila mtu aliyefanya KCPE nchi hii analijua hilo. Kuaga dunia, kuipa dunia kisogo, kwenda jongomeo, kukata kamba. Tulizikariri kama meza za hesabu. Darasa la saba niliua babu mzima kwenye insha kwa kumkatisha kamba na mwalimu akaniwekea alama mbili za vema. Na jioni hiyo, nikiwa na kamba halisi imekatika kwenye kiganja changu, na "pole sana" mbele na "nitakueleza" nyuma, sikuona kitu. Niliandika nilichokiona. Yeye alisoma nilichoandika. Halafu akapiga simu yangu saa tatu mfululizo akaambiwa mteja hapatikani.

Kanga ilikuwa ya kumfunika.

Nilianza kuomba msamaha na kujieleza yote kwa pamoja. Akainua mkono nikanyamaza. Aliniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia, akiwa bado amemshika Simba masikio. Mumewe alilazwa wiki mbili. Siku moja yeye alirudi nyumbani kubadilisha nguo, na shemeji yake aliyebaki hospitalini akamtumia ujumbe. Shemeji, mzee ametutoka.

"Nilikuwa nimepanda daladala, sina miwani. Nikasoma mzee ametoka." Alinyamaza. "Nikashuka sokoni. Nikanunua changu wawili wakubwa, na nazi. Nikasema leo analala kwake. Watu walianza kuingia uani wakinikuta nakuna nazi, na mimi nawakaribisha, nawaambia ngojeni, yuko njiani."

Binti alikuwa amezima simu. Hakuna aliyesema kitu. Simba alikuwa anakula nyasi za ukingoni.

"Kwa hiyo safari hii," akasema mama, "nilisoma vizuri."

Akainuka, akakunja kanga. Akaniambia nimepauka kwa baridi, nimeshinda njaa, niende nyumbani. Na alipofika mlangoni akageuka akasema, "Kesho pumzika."

Nani hajui maana ya pumzika Nairobi? Ukiwa na kazi ya mkono hapa bosi hakwambii nimekufuta. Anakwambia pumzika kwanza, nitakupigia. Nilikuwa nimepumzishwa hivyo mara mbili, kwa mjengo na kwa duka la simu, na hakuna aliyepiga. Nikajibu sawa, mama, nikashuka hadi kwangu kwa miguu. Jumanne sikwenda. Jumatano sikwenda. Nilikuwa na wateja wengine wawili wa mbwa wa Kizungu, niliwatembeza kama mtu anayesukuma mkokoteni. Hesabu ya kodi ilikuwa inakataa. Na kila nilipotaka kumwandikia mama ujumbe wa kuomba msamaha tena niliandika mstari mmoja, nikausoma kwa macho yake, nikaufuta.

Alhamisi usiku nilimpigia mamangu. Kwa kawaida tunaandikiana, ni rahisi, unaweza kuwa atachimenti milele kwa ujumbe. Nilianza kwa kumsimulia habari za mbwa kwa sababu sikuwa na pa kuanzia. Nikamwambia yote, bodaboda, Congo, jiwe, kanga. Halafu nikamwambia kwa nini mimi natembea na mbwa wa watu Jumatatu saa kumi na moja badala ya kuwa darasani. Niliposema nimetoka chuo, tena tangu mwaka jana, simu ilinyamaza mpaka nikaangalia kama imekatika.

"Karo ilikuwa imebaki ngapi?" akauliza.

Nikamtajia. Nikasikia anaivuta pumzi.

"Ungesema," alisema. Na baada ya muda mwingine mrefu: "Na hiyo imbwa haikuumia?"

Nikasema haikuumia.

"Imekula?"

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado kitandani ujumbe ulipoingia. Mama wa Tanga huandika kwa nukta na mkato, kama anasahihisha daftari. "Mwanangu, hujaniamkia siku tano. Nilikuambia upumzike Jumanne, si mwezi mzima. Au umeacha kazi? Nimenunua kamba mpya. Mbwa yako anakaa getini kila jioni saa kumi na moja."

Niliisoma mara ya pili nikidhani ni macho yangu. Mwalimu wa miaka thelathini na moja, na ameandika yako.

Nilianza kuandika kwamba nakuja. Nikafuta, nikapiga simu.